Golikipa wa Rweya na Kahawa ya Baba Yake

Siku Rweya ilipofungwa na Kihanga mabao manne, Elipidius hakuondoka uwanjani na mashabiki wenzake. Alibaki nyuma ya goli, mahali pake pa siku zote, akijifanya anafunga kamba za viatu, mpaka mwanawe Lameck, golikipa wa timu, alipookota glovu zake na kumpita bila kuinua uso. Hapo ndipo mzee alipoanza kutembea, nyuma kidogo ya kijana, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa asiyetaka kushikwa mkono.

Rweya ni timu ya mpira ya Ihembe. Jina limetokana na uwanja wenyewe, maana ulifyekwa katika rweya, yale majani yaliyo nje ya vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ambayo zamani hayakuwa ya mtu mmoja. Kila mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuchunga pale, na kukata nyasi za kuezekea na za kutandika sakafuni. Siku hizi rweya nayo imepimwa. Wenye hati wamepanda mikaratusi inayokunywa maji ya watu wote, na uwanja umebaki kipande kilichobanwa katikati ya miti hiyo, mpira ukitoka nje mchezaji anaomba ruhusa kwenda kuuokota.

Elipidius mwenyewe aliwahi kusimama katika goli lile, enzi nguzo zilipokuwa miti ya musizi na nyavu hazikuwapo, bao likabishaniwa mpaka wazee waliokaa pembeni waseme limeingia au halikuingia. Walikwenda Nyakahanga kwa miguu, wakacheza, wakarudi kwa miguu. Kila mchezaji alikuwa na kibanja alikotoka, na aliyecheza vibaya alijua kwamba kesho atakutana na wote waliomwona, kisimani, kanisani, kwenye mzani wa kahawa. Mchezaji akizeeka au mguu ukipoteza makali, hakuachwa hivihivi. Watu wazima wawili walikwenda nyumbani kwao, wakakaribishwa, wakatafuna kahawa, ndipo wakamweleza baba yake kwanza, na baba akamweleza mwanawe kwa wakati wake na kwa maneno yake. Leo mchezaji anajua ameachwa pale anapofungua simu na kukuta kikosi kimeshatumwa kwenye kundi, na chini yake watu thelathini wameweka vikatuni vya kucheka.

Ile kahawa ya kutafuna nayo ni jambo ambalo vijana wanaliona tu kama karanga. Ni buni zilizochumwa kabla hazijaiva sana, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikaanikwa mpaka zikakauka. Mgeni akifika analetewa katika kikapu kidogo chenye mfuniko. Babu zao walikuwa wakipasua buni moja, kila mmoja akatia tone la damu yake katika nusu, wakabadilishana na kutafuna, na kuanzia hapo wakawa ndugu wasioweza kudhuriana. Damu iliachwa zamani, dini zilipokuja. Lakini kwa baba yake Elipidius, hata bila damu, watu waliotafuna kutoka kikapu kimoja hawakudanganyana mpaka jua lizame. Mtu mwenye uongo wa kusema siku hiyo alikataa kahawa kwa adabu, akasingizia meno.

Hayo Elipidius aliyashika. Mengine mengi yalimtoka mikononi. Mkewe Placidia alifariki. Binti mkubwa, Joanitha, ni muuguzi na ana mji wake huko Nyakahanga. Wavulana wawili wako Mwanza, husalimia Krismasi. Mnyauko uliingia katika migomba, akalazimika kukata nusu ya kibanja alichoachiwa na baba yake, mgomba kwa mgomba, na kuuzika kama watu wanavyozika maiti ya kipindupindu. Aliyebaki naye ni Lameck peke yake.

Wala Lameck hakubaki kwa ajili ya migomba. Alibaki kwa ajili ya goli. Alipokuwa bado mvulana mtu alikuja kutoka mjini, akasimama pembeni mchezo mzima, akaandika jina lake na kusema huyu atafika Bukoba na kupita Bukoba. Hakurudi tena, lakini maneno yake yalikaa Ihembe. Miaka ikapita, Lameck akawa mtu mzima anayekaribia thelathini, na watu bado walimwita kijana wetu mwenye kipaji. Binamu yake Sibomana, aliyekuwa akichimba bati Kyerwa, alimpigia simu kila baada ya muda akimwambia aje, kazi ipo, mashimo yanataka watu wenye mikono. Jibu la Lameck lilikuwa hilohilo kila mara: ligi ikiisha.

Mzee alilijua jibu hilo na alilihesabu kama kinga yake. Maadamu mwanawe yupo golini, ligi haiishi. Akitolewa golini, imeisha siku hiyohiyo, na nyumba itabaki na mzee mmoja, redio na mbuzi.

Jumapili baada ya kipigo cha Kihanga, mashabiki walikutana kama kawaida kwenye kibaraza cha duka la Kashaija, Wakatoliki wakiteremka kutoka misa na Walutheri wakipanda kutoka ibadani. Kashaija ndiye mwenyekiti wa mashabiki, mtu mnene wa maneno mengi, anayeweza kukupimia sukari na kubishana na watu watatu bila kukosea kipimo. Alifungua mjadala kwa kusema kwamba timu iko mkiani, mechi iliyobaki ni moja, nyumbani, na isipopata hata pointi itashuka daraja, na ikishuka asitegemewe tena kununua chokaa ya kuchorea uwanja.

Kila mtu alikuwa na kikosi chake. Mmoja alitaka beki wa kushoto atolewe kwa sababu ameoa juzi na miguu imekuwa mizito. Mwingine akasema huyo mshambuliaji aliyeletwa kutoka Kayanga hakimbii, anasubiri mpira kama anavyosubiri mshahara. Ikajitokeza hoja ya mamluki, hao wachezaji wa kukodi wanaoshuka kwenye gari saa ya mechi na kupanda tena filimbi ikilia. Wazee walisema mamluki wameua timu. Vijana walisema bila mamluki timu ingekuwa imeshashuka tangu mwaka juzi. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli, jambo ambalo huwa ndilo linaloufanya ubishi usiishe.

Halafu Projest akafika kwenye golikipa. Projest ni dereva wa bodaboda, ana ulimi kama wa watangazaji wa redio, na alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake akiwa na helmeti mapajani.

"Mimi simchukii Lameck," alisema. "Ila mabao matatu kati ya manne yalitoka pembeni, kwa krosi. Na yeye amesimama kwenye mstari kama nguzo ya umeme. Nguzo ya umeme angalau inatoa taa."

Watu walicheka, kisha wakamwona Elipidius na kuacha. Kashaija akakohoa. Mzee alisema tu kwamba jua lilikuwa linampiga kijana usoni, na kwamba mabeki walilala. Kila mtu aliyekuwepo alikumbuka kuwa siku ile kulikuwa na mawingu.

Ikasemwa kwamba Winston tayari amepata golikipa mwingine. Winston ni mfanyabiashara wa maharage kutoka Muleba, aliyefungua ghala hapo Ihembe miaka michache iliyopita, na kwa kuwa ndiye anayelipia jezi, nauli na maji, amekuwa kocha vilevile, maana siku hizi anayelipa ndiye anayejua. Huyo golikipa wake alikuwa mrefu, wa kukodi, na alikuwa tayari kuja Jumamosi. Lakini Winston hakutaka kuonekana amewanyang'anya wenyeji timu yao. Alisema ataamua baada ya kuwasikia viongozi wa mashabiki.

Basi Elipidius alirudi nyumbani na kufanya lile alilolijua. Alikuwa na ndizi za pombe zilizofukiwa shimoni zikiiva. Aliwapelekea habari Kashaija, Projest na Winston kwamba Jumatano mchana anakamua, waje wanywe juisi ingali tamu, na wazungumze habari za timu mahali penye kivuli. Alichagua juisi kwa makusudi, si pombe ya kesho yake. Alitaka watu wenye akili zao. Na alitaka kikapu cha kahawa kipite mikononi mwao kabla ya jina la Lameck kutajwa. Katika hesabu yake, mtu aliyekaa katika kibanja chako, akanywa juisi yako na kutafuna kahawa yako, hawezi kuinuka hapo akamfukuza mwanao. Ingekuwa hivyo kwa baba yake. Hakujiuliza kama wale watatu walijua kwamba wanafungwa.

Lameck alijua anachokifanya baba yake. Jumatano asubuhi aliosha mtumbwi wa kukamulia, lile gogo refu lililochongwa na babu yake, akamimina ndizi zilizomenywa, akatandika nyasi juu yake, akakunja suruali na kuanza kukanyaga. Wageni walipofika alikuwa ndani ya mtumbwi, majasho yakimtoka, juisi ikipanda kati ya vidole vya miguu yake na kuchirizika rangi ya asali.

"Shikamoo mzee," alisema Winston, akivua kofia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae. Karibu hata na wewe, mwenye taa."

Projest alicheka, kwa kuwa lilimpata sawasawa, na hali ikawa nyepesi. Wakakalia viti vya kukunja vilivyoazimwa kwa jirani, karibu kabisa na mtumbwi. Wakanywa juisi kwa vibuyu. Kashaija akaisifu, akauliza habari za mnyauko, akamwambia Lameck kwa utani kwamba angekuwa anarukia krosi kama anavyokanyaga ndizi wangekuwa mabingwa. Lameck alitabasamu kidogo, akaendelea kukanyaga.

Elipidius akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo. Alikifungua mwenyewe, akatafuna buni ya kwanza mbele yao, kama inavyotakiwa ili mgeni aone haina sumu, akakipitisha. Kashaija alichota kiganja kizima akatia mdomoni bila kukatisha hadithi yake. Projest alichukua mbili, moja akaitia mfukoni kwa ajili ya njiani. Winston akachukua moja, akaipokea kwa mikono miwili, akaitafuna polepole, akasema kwamba bibi yake kule Muleba alikuwa nayo daima kwenye mkoba. Moyo wa mzee ukatulia. Aliona kwamba wote watatu wameingia.

Mazungumzo ya timu yalipoanza, yalikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Kashaija alisema Jumamosi si siku ya kujaribu mgeni. Golikipa anayejua sauti za mabeki wake ni bora kuliko mrefu asiyejua hata majina yao. Akaongeza kwamba watoto wa Ihembe wakitolewa wote, mashabiki watakuwa wanashangilia nini, jezi? Projest alirudia habari ya krosi, lakini kwa sauti ya chini, na hakutaja nguzo ya umeme. Elipidius aliongea mwisho. Aliwakumbusha mechi ambazo Lameck aliibeba timu peke yake, penalti aliyoipangua kule Nyakahanga, siku aliyocheza na kidole kilichotenguka. Hakusema neno lolote lisilo la kweli. Alikuwa amelipanga kila moja.

Winston alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia ya kutikisa kichwa taratibu wakati mwenzake anaongea, kama mtu anayekagua maharage kiganjani. Kisha akaweka kibuyu chini.

"Mzee, mimi ni mgeni hapa," alisema. "Mimi najua kununua maharage, mpira naujua nusu. Wewe umelinda goli lile kabla sijazaliwa, na kila mechi unakaa nyuma yake. Na bibi yangu alinifundisha kwamba watu wakishatafuna pamoja hawafichani. Utakalosema wewe ndilo nitakalofanya. Jumamosi ungekuwa wewe kocha, ungempanga Lameck?"

Hakukuwa na hila katika uso wake. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Elipidius alifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwepo, fupi, na hakuna mtu katika kibanja kile ambaye angelipinga. Kashaija alikuwa ameshaanza kuitikia kabla halijatoka. Lakini ladha ya ile buni ilikuwa bado kwenye ulimi wake, chungu kwa mbali, na jua lilikuwa juu ya migomba. Wale watatu wangeweza kudanganya mchana kutwa kinywa kikiwa kimejaa kahawa na wakalala usingizi mzuri. Yeye hakuweza. Alikuwa ametega mtego ambao ungemshika mtu mmoja tu, yule aliyeamini kwamba upo.

"Hapana," alisema.

Kashaija akageuka. "Unasemaje, Baba Lameck?"

Na hapo ndipo mzee alipofanya kosa la pili, kwa sababu ukweli ukishaanza kumtoka mtu asiyezoea kuuficha huwa hajui mahali pa kuukatia.

"Nasema hapana. Krosi ikija anafumba macho. Tangu alipogongana na yule kijana wa Nyakahanga, akapoteza fahamu. Ninyi mko pembeni, hamuoni. Mimi niko nyuma yake, nauona uso wake akigeuka. Mpira ukitoka pembeni anafumba macho mpaka upite."

Sauti ya miguu ndani ya mtumbwi ilinyamaza. Hakuna aliyetazama upande ule. Hata Projest, ambaye angeweza kuipata hapo nguzo ya umeme mpya, aliinama akachezea kamba ya helmeti. Juisi iliendelea kuchuruzika katika chombo kilichotegwa mwisho wa gogo, na ilisikika.

Baada ya kitambo miguu ikaanza tena kukanyaga, kwa mwendo uleule wa mwanzo.

Winston alimshukuru mzee kwa heshima kubwa. Alisema hajawahi kuona mtu mwenye moyo kama huo, na alimaanisha. Wakaaga mapema. Kashaija aliomba juisi ya kupelekea nyumbani, akapewa.

Lameck alimaliza kazi yake. Alikamua nyasi mpaka tone la mwisho, akachuja, akachanganya na mtama uliosagwa, akafunika mtumbwi kwa majani ya migomba na kuyalazia magogo, ili pombe iumuke mpaka kesho. Alikwenda kuoga. Jioni walikula ndizi na maharage, wakisikiliza taarifa ya habari. Elipidius alitaka kueleza habari ya kahawa, na alipoyapanga maneno aliona kwamba itasikika kama kisingizio cha mtoto. Akamwambia tu aongeze mchuzi. Lameck alisema ameshiba.

Kesho yake habari ilikuwa imeenea. Ilipita kwa pikipiki, ikapita kwenye simu, ikaingia shuleni. Si kwamba Lameck ametolewa golini, hilo lilikuwa dogo na watu wengi walilitaka. Ilikuwa ile ya macho. Alipokwenda dukani kununua vocha, watoto waliokuwa wakicheza chandimu barabarani walimtupia mpira wakafumba macho wote kwa pamoja, wakaangua kicheko. Mmoja akamwita Fumba. Ijumaa jina lilikuwa limeshakuwa lake, na mtu mzima mmoja, muungwana kabisa, alilitumia kwa bahati mbaya akimsalimia.

Zamani aibu ya namna ile ingeishia ndani ya ua. Baba angemchukua mwanawe shambani, wakafanya kazi bega kwa bega siku nzima, na katikati ya kazi angelisema mara moja, likaisha. Elipidius alijua hivyo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana hakuweza kumlaumu Projest wala watoto wa shule. Yeye ndiye aliyelitoa nje, tena mbele ya mwenye ghala.

Ijumaa mchana Lameck alifunga begi. Baba yake alimsindikiza mpaka barabara kubwa kunakopita magari ya kwenda Kyerwa. Walitembea wakisalimia waliokutana nao, marahaba kwa watoto, habari za leo kwa wakubwa, kama watu wanaokwenda sokoni. Walipofika walisimama upande wa kivuli. Lameck aliliweka begi chini.

"Sina hasira na wewe, Tata," alisema. "Ni kweli nafumba. Nimejaribu kuacha, siwezi. Nilifikiri hakuna aliyeona."

Mzee alisema alikuwa ameona tangu siku ya kwanza.

"Basi ungeniambia mimi. Na wale ungewaambia hapana. Hapana ingetosha."

Elipidius alimwambia awe mwangalifu na mashimo wakati wa mvua, amsalimie Sibomana, apige simu akifika. Gari likaja limejaa, kijana akajipenyeza, akanyoosha mkono dirishani. Ulikuwa mkono mpana wa golikipa, kama wa baba yake, na ulibaki nje mpaka kona.

Jumamosi mzee hakwenda uwanjani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipomzika Placidia. Alikaa nyumbani akisikiliza makelele yaliyovuka mikaratusi, na kwa kuwa alikuwa amesikiliza mechi nyingi redioni, aliufuata mchezo wote kwa masikio: hapa wameshambuliwa, hapa kona, hapa nyingine tena, na ule mguno wa watu wengi wakitoa pumzi pamoja, maana yake golikipa ameudaka. Alijua vilevile ni mpira wa namna gani, na kwamba mtu yule mrefu ametoka kwenye mstari, ameruka macho wazi.

Ilikwisha sare, bila bao. Pointi moja ilitosha. Rweya ilibaki.

Walikuja nyumbani kwake wakiimba. Kashaija alikuwa mbele, shati limelowa, na nyuma yake karibu kibaraza chote, na Projest akipiga honi taratibu njia nzima. Walimwamkia, wakamshika mikono, wakasema ni yeye aliyeiokoa timu. Kashaija alitoa hotuba fupi. Alisema wameshauriana na Winston amekubali: kuanzia msimu ujao mzee Elipidius atakaa katika kamati ya kuchagua kikosi, kwa sababu mtu aliyeweza kumkataa mwanawe mwenyewe hatampendelea mtoto wa mtu. Watu walipiga makofi. Wakauliza kama ile pombe ya Jumatano ilikuwa imebaki. Ilikuwa imebaki karibu yote, hakukuwa na mtu wa kuinywa. Wakajitafutia vibuyu wenyewe, wakakaa uani na kuanza kubishana juu ya usajili wa mwaka kesho.

Elipidius aliuliza huyo golikipa anaitwa nani.

Waliangaliana. Projest alisema wanamwita Mlingoti. Mwingine akadhani ni wa Biharamulo, mwingine akasema hapana, ni wa ng'ambo kabisa ya ziwa. Alikuwa ameondoka na gari mara tu baada ya filimbi, alikuwa na mechi nyingine Jumapili.

"Na Lameck yuko wapi? Mwite aje anywe na wenzake," Kashaija alisema. "Mpira ni mpira tu, asinune."

Mzee alisema yuko Kyerwa.

Kashaija alisema huko kuna hela, atarudi na bati za kuezekea nyumba upya, na wengine wakaitikia kwamba ndiyo, huko kuna hela. Kisha mmoja akasema beki wa kushoto lazima aondoke, na ubishi ukarudi pale ulipokuwa.

Elipidius alitoka uani akaingia katika migomba. Upepo wa mchana ulikuwa umeuinamisha mmoja wenye mkungu mkubwa, umebaki ukining'inia kwa mizizi ya upande mmoja. Kuusimamisha mgomba wa namna hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anauinua kwa bega, mwingine anasimika mti wenye panda chini ya shingo ya mkungu. Aliutafuta mti wa panda, akauegemeza karibu. Akaingia chini, akaweka bega, akasukuma mpaka mgomba ukapanda. Akanyoosha mkono. Mti ulikuwa mbali kwa kiasi cha kiganja. Akajaribu kuuvuta kwa mguu, ukaanguka.

Kutoka uani zilimfikia sauti zao, watu wengi, wenye nguvu, wakicheka. Angeita, wangekuja mbio. Alisimama hivyo na uzito ule begani mpaka kicheko kikapoa, kisha akainama kidogo kidogo, akaulaza mgomba chini na mkungu wake, ungali mbichi.